Dawa ya Mtoto Mmoja

"Usizitikise hivyo, mama, hayo si maziwa," alisema Mama Chiriku, akampokonya mama yake zile chupa mbili na kuzipandisha juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Chupa moja ilikuwa nyeupe, ya pili ya kahawia. Mama Chiriku alikuwa ametoka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, na alieleza mara moja tu kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kueleza mara mbili. Nyeupe ni ya kuua wadudu wa koo, kila mtoto mwenye mafindofindo hupewa. Ya kahawia ndiyo yenye utafiti. Madaktari wanataka kujua kama dawa ya kulainisha makohozi, ile inayoufanya ute mzito uwe mwepesi, ikiongezwa juu ya dawa ya kawaida, itayawahisha mafindofindo kupona. Kwa hiyo nusu ya watoto wamepewa dawa yenyewe, nusu wamepewa maji ya sukari yenye rangi ileile, na hakuna ajuaye nani kapewa nini.

"Hata nesi hajui?"

"Hata nesi. Hata daktari mwenyewe."

Bibi alicheka mpaka akashika goti lake bovu. "Haya basi. Kitendawili."

"Tega," waliitikia watoto kutoka mkekani.

"Nina mapacha, mmoja mkweli mmoja mwongo, na mama yao hawajui."

Chiriku, ambaye siku nyingine angelipata jibu kabla swali halijaisha, hakuweza kusema. Koo lilikuwa limevimba, mate yenyewe anayameza kwa machozi. Alinyoosha kidole kabatini. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu tangu anaamka mpaka analala alikuwa akisema, na sasa alivyonyamaza nyumba ilikuwa kama ya msiba. Tulia, binamu yake aliyekaa pembeni, alitabasamu bila neno. Yeye ukimya ndio ulikuwa afya yake.

"Mama, sikiliza," alisema Mama Chiriku. "Ni ya Chiriku peke yake. Wanachukua mtoto mmoja kila nyumba. Ikimwagika tumekwisha, akipewa mwingine tumekwisha. Watoto ambao mafindofindo yao yatabaki makubwa mpaka mwisho wa utafiti, watapasuliwa bure. Unasikia? Bure."

Bibi alisikia. Mafindofindo ya Chiriku yalikuwa kama gololi mbili zilizobanana mlangoni. Akilala tu, hata mchana, pumzi humkatika, kimya, kimya, halafu anashtuka na kukoroma kama mtu aliyetoka majini. Kila mara mama yake alikuwa akihesabu moyoni, na aliogopa siku ambayo hesabu haitaishia popote.

Nafasi yenyewe hakusimulia alivyoipata. Alisimama kwenye dirisha la utafiti mbele ya foleni nzima, daktari akamtazama na kusema, "Wewe si yule wa kufulia? Koti langu umelirudisha na doa." Watu walicheka. Alijibu, "Nitalirudia, daktari," na koti likarudiwa, kwa mkono, kwa sabuni yake mwenyewe. Kesho yake jina la Chiriku likaandikwa. Si kwamba daktari alikuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kusema lililo mbele ya macho yake. Watoto walimwita Bi Fungua Mdomo.

*

Mchana uliofuata Tulia hakula.

Bibi aliona sahani imesogezwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. "Umeshiba hewa?" alimuuliza. Mtoto akatikisa kichwa. Bibi akamvuta mlangoni kwenye mwanga, akamwambia fungua mdomo, akaona kilekile: nyama nyekundu, vidoadoa vyeupe. Paji la uso lilikuwa la moto.

"Tangu lini?"

"Tangu Chiriku."

"Mbona hukusema?"

Tulia akatazama miguu yake. "Chiriku ndiye alikuwa analia."

Ni lazima ieleweke nyumba ile ilivyoishi. Tulia alikuwa mtoto wa binti mkubwa wa Bibi, aliyefariki. Siku alipoletwa na kifurushi chake, Bibi aliweka sheria kwamba hapa hakuna mtoto wa nyumba na mtoto wa kuja. Yai lilikatwa kwa uzi katikati. Penseli ilivunjwa, kila mmoja kipande chake, kimoja kikakosa kifutio, basi na kile cha pili kikang'olewa kifutio. Majirani walimcheka. "Mama mzazi, hata chawa utawagawia?" alimtania muuza mkaa wa mlango wa pili. Naye akajibu, "Wakija wawili, kila kichwa mmoja. Akija mmoja, nampeleka kwako."

Kwa hiyo alipotazama juu ya kabati, Bibi hakujiona anaiba. Aliona ugonjwa mmoja, watoto wawili, na dawa. Kumpeleka Tulia hospitali kwa foleni ya kawaida kulitaka pesa, na mshahara wa kufulia ulikuwa haujatoka. Kumwambia binti yake kulitaka kumtazama usoni. Mama Chiriku alikuwa amesema mara nyingi, huku anavua viatu, "Huyu mmoja tu ananimaliza, mama." Hakusema kwa chuki. Alisema kwa uchovu, lakini Bibi alilisikia lile "mmoja".

Alipanda kwenye kigoda. Kifuniko cha kupimia kilikuwa na mistari. Yeye alisoma madarasa machache, lakini mistari aliijua. Alimimina mpaka alama ya mtoto mmoja, akagawanya kwenye vijiko viwili, akavilinganisha kwenye mwanga wa mlango, akaongeza tone hapa, akapunguza tone pale. Nyeupe kwanza, halafu ya kahawia.

"Ni siri yetu sisi watatu," alisema. "Si lazima mama ajue kila kitu."

"Mimi nataka yangu yote," alilalamika Chiriku kwa sauti ya kukwaruza.

"Yako yote ndiyo hiyo. Kunywa."

Wakati Mama Chiriku alipokuwa nyumbani, Bibi alisema, "Kaa, mwanangu, nitampa mimi." Naye alikaa, akashukuru.

*

Homa zikashuka. Chiriku akaanza kusema tena, kwanza neno moja moja, halafu mvua. Siku ya kurudisha chupa, nesi wa utafiti alipima masalio kwa makini, akakuta yamebaki sawasawa na inavyotakiwa, akanyanyua chupa mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi.

"Mnamwona Mama Chiriku? Wengine mnaniletea chupa imejaa, mnasema mtoto alitapika. Huyu kila tone liko mahali pake. Muigeni."

Mama Chiriku aliinamisha uso. Tangu aanze kazi hospitalini hapo, hakuna aliyewahi kusema aigwe kwa jambo lolote. Jioni alimletea mama yake mkate mzima, akamwambia, "Ni wako, mama, si wangu. Wewe ndiye uliyempa." Bibi aliutazama ule mkate muda mrefu, akasema meno yanamsumbua.

Bi Fungua Mdomo aliangalia koo la Chiriku akakunja uso. Wekundu umepungua, lakini gololi zilikuwa palepale. "Huyu tutamweka kwenye orodha ya upasuaji," alisema. "Bado miadi moja tu, mwisho wa utafiti."

*

Hapo ndipo Tulia alipoanza kuchechemea.

Asubuhi moja aliinuka mkekani ameshika goti, akaenda chooni kwa hatua ya Bibi hasa, mguu mmoja ukiburuta na mkono kiunoni. Chiriku alianguka kwa kicheko. Mama Chiriku, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, naye alicheka.

"Tazama mwanasesere wako, mama. Amerithi mpaka goti."

Na kweli, Tulia alikuwa mtoto wa kumwiga Bibi. Alikohoa kama Bibi, aliguna kama Bibi akikaa. Kwa hiyo goti lake lilichekwa. Baada ya muda goti likapona, kikauma kifundo cha mguu wa pili. Kifundo kikanyamaza, maumivu yakashika kiwiko. Muuza mkaa alimwona anapita akasema, "Bibi mdogo, leo baridi yabisi imekukamata wapi?" Tulia akamwonyesha kiwiko kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeulizwa njia. Watu wakacheka tena. Mtoto wa miaka sita na maradhi ya wazee.

Bibi alimkanda kwa maji moto. Alicheka na wengine, lakini mikono yake ilihisi joto ndani ya kile kiungo, na joto haliigwi.

*

Siku ya miadi ya Chiriku, Mama Chiriku alitoka chumba cha kufulia kwa ruhusa fupi, aproni yake bado imelowa. Bibi alikuja na watoto wote wawili kwa kuwa hakuna wa kumwachia Tulia. Bi Fungua Mdomo alimaliza kumtazama Chiriku, akapanga siku ya upasuaji, halafu macho yake yakaenda kwa yule mwingine aliyekuwa akishuka kwenye benchi taratibu, mguu mmoja hewani.

"Huyu ana nini?"

"Hana kitu, daktari. Anamwiga bibi yake."

Daktari akainama. "Aliumwa koo siku za karibuni? Homa?"

"Huyu?" Mama Chiriku alisema kweli yote aliyoijua. "Huyu ni jiwe, haumwi. Aliyeumwa koo ni dada yake tu."

"Vizuri. Nauliza kwa sababu koo lisilotibiwa, au lililotibiwa nusunusu, likinyamaza si kwamba limepona. Hushuka kwenye viungo, likihama kutoka kimoja hadi kingine. Likiachwa huingia moyoni, likaharibu milango yake." Alinyooka. "Lakini kama hakuumwa koo, huenda ni miguu inakua. Akiendelea, mleteni."

Bibi alikuwa amekaa hatua chache tu. Maneno yote yalimfikia. Ulimi wake ulinyanyuka, ukaona uso wa binti yake, uso wa mtu aliyepewa siku ya upasuaji wa mwanawe, na ukalala tena. Upasuaji ulikuwa karibu. Alijiambia: ngoja huyu avuke, nikishamwona ng'ambo nitarudi kumvusha wa pili. Maisha yake yote hakuwahi kumtanguliza mmoja. Siku hiyo alimtanguliza, akiwa ameketi kimya, mikono mapajani.

Njiani Tulia alisimama mara kwa mara. Bibi akatafuta la kumpumzisha.

"Kitendawili."

"Tega."

"Hakamatiki, hashikiki, ukimfungia mlango unakufa."

Mtoto akawaza huku anahema. "Sijui."

"Nipe mji."

"Chukua mji wa..." Tulia akatafakari. "Mji wenye bomba kila mlango."

"Nimeuchukua. Nimekwenda huko, nimekuta kila mtu anaoga mpaka anachoka, ndoo zote wamezigeuza viti." Kisha akampa jibu, ambalo ni pumzi, na mara tu alipolitamka alitamani angechagua kitendawili kingine.

*

Bomba la mtaa wao lilikuwa moja, chini ya mteremko. Watoto hutumwa na vidumu vidogo. Alasiri moja, upasuaji wa Chiriku ukiwa wiki ileile, Chiriku alirudi peke yake, anasema njia nzima kama kawaida yake: "Bibi, Tulia amekaa chini, nimemwambia inuka hainuki, nimemwambia nitakusema hainuki, midomo yake imekuwa ya rangi ya ajabu, na moyo wake unaonekana kwenye gauni."

Bibi alishuka mteremko bila kukumbuka kwamba ana goti. Alimkuta Tulia ameegemea ukuta wa bomba, wanawake wenye ndoo wamemzunguka, wakiambiana amekula nini. Gauni lilikuwa likiruka kifuani, kweli, kama kuna kifaranga ndani.

"Bibi, nitainuka," alisema. "Nimepumzika kidogo tu."

Muuza mkaa aliyatupa magunia yake chini, akampakia mtoto kwenye mkokoteni, na safari hiyo hakufanya mzaha hata mmoja.

*

Bibi hakupitia chumba cha kufulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la utafiti, akawapita akina mama wa benchi. Mmoja alisema, "Foleni, bibi, sote tuna wagonjwa." Hakujibu.

"Daktari, yule mtoto aliumwa koo," alisema. "Siku zilezile na mwenzake. Mama yao hajui. Dawa ya mmoja niliwapa wawili."

Bi Fungua Mdomo alimlaza Tulia, akaweka mpira wa kusikilizia kifuani, akasikiliza, akauhamisha, akasikiliza tena, muda mrefu kuliko inavyofaa. Aliagiza picha ya moyo, sindano, hewa ya puani. Mtoto alipokwisha kupelekwa wodini ndipo alipogeuka.

"Bibi, nani alikuambia dawa inagawika?"

"Niliambiwa ni ya mmoja. Nikafikiri ni uchoyo wa hospitali."

"Nusu ya dawa si nusu ya kupona. Wadudu waliopigwa kidogo hulala, halafu huamka."

"Mbona mwenzake amepona? Alipata nusu ileile. Nilipima, daktari. Hakuna aliyezidishiwa hata tone."

Daktari alivua mpira wa kusikilizia. Halafu akasema kwamba ugonjwa haupimi kwa kijiko.

"Na ile ya kahawia? Ilikuwa dawa au maji ya sukari?"

"Sijui. Tutajua sote mwisho."

"Ningesema siku ile uliyouliza, moyo wake ungekuwa mzima?"

"Sijui, bibi."

"Wewe umesoma."

"Nimesoma," alisema Bi Fungua Mdomo, "na sijui."

*

Mama Chiriku aliitwa. Alikuja mbio, anajifuta mikono kwenye aproni ingawa ilishakauka, akijua tu kwamba kuna mtoto wodini, hajui ni yupi. Daktari alimweleza akiwa amesimama kwenye korido, maana ofisi ilikuwa na watu. Mlango mmoja wa moyo wa Tulia haufungi vizuri. Atachomwa sindano kila mwezi, miaka mingi, huenda mpaka awe mtu mzima. Hatabeba maji. Hatakimbia.

"Na Chiriku?" aliuliza Mama Chiriku, kisha akaona aibu kwa kuuliza.

Daktari alitazama sakafu. "Siwezi kumhesabu kwenye utafiti. Nikimwacha humo nitawadanganya watoto wote watakaopewa dawa hiyo kesho. Nafasi ya upasuaji ni ya waliomaliza utafiti kama ulivyopangwa. Nitamwandikisha kwenye foleni ya kawaida."

"Foleni hiyo ni ndefu?"

"Ni ndefu."

Nesi wa utafiti, yule aliyeinua chupa mbele ya watu, alipita na faili. Alimwona, akajifanya anasoma.

Wodini Tulia alikuwa amelala ameelekea ukuta, mrija wa hewa puani. Bibi alikuwa kando ya kitanda. Mama Chiriku alisimama upande wa pili, na mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa akiomba maji.

"Ungeniambia, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi si mtoto. Ungeniambia Tulia naye anaumwa."

"Ungefanyaje?"

Mama Chiriku alivuta shuka la mtoto likae sawa. Angeweza kusema angekopa. Angeweza kusema angekwenda tena dirishani, akadharauliwa tena. Lakini alikuwa amechoka, na mbele yake alikuwa mama yake mzazi.

"Ningekuambia umpe Chiriku yote."

"Najua," alisema Bibi. "Ndiyo maana sikukuambia."

Wote wawili walidhani mtoto amelala.

"Mamdogo," Tulia aliita bila kugeuka.

"Naam, mwanangu."

"Mimi sikuwa naumwa sana."

Mama Chiriku alipanda kitandani na nguo zake za kazi, viatu miguuni, akajilaza nyuma ya mtoto, akaweka kiganja kifuani pake, pale palipokuwa pakienda mbio, akakiacha hapo. Nesi wa wodi alikuja kumwambia kwamba kitanda cha mgonjwa hakilaliwi na watu wawili, akamtazama, akapita.

Kiti kilikuwa kimoja, na juu yake zilikuwa zimewekwa nguo za Tulia. Bibi alibaki amesimama, goti linamuuma. Hakuna aliyemwambia akae.